Tunamujua Aliyeileta

Mvua ndiyo iliyotoweka kwanza, na nani angeililia mvua? Bibi Nyirarukundo alirekodiwa ndani ya hema lake kule kambi ya Mugunga siku ambayo anga ilikuwa imefunguka. Matone yalipiga shiti la plastiki juu ya vichwa vyao mpaka maneno yake yakazama chini ya kelele, unayatafuta kwa sikio kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Charline alipoyapitisha kwenye programu mpya, mvua ikafutika. Kikafutika kikohozi cha jirani, wakafutika kuku, akafutika na mtoto aliyekuwa analia hema la pili. Akabaki bibi peke yake, sauti safi, utadhani amekaa pale pale ofisini: "Mwanangu Niyibizi, kama unanisikia, mama yako niko muzima. Niko Mugunga. Nakungojea."

Papa Grégoire alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Mama Neza," akamwambia Charline, "hii kintu ni ya ajabu. Vraiment."

Ofisi yao ilikuwa nyumba ya kupanga huko Himbi, mjini Goma, vyumba viwili na uwanja mdogo unaotazama ziwa. Watu waliopotezana katika kukimbia walirekodiwa ujumbe, kisha ujumbe ukapelekwa kambi hadi kambi na kuchezwa kwenye spika, labda aliyepotea atasikia sauti ya mama yake na kuinua kichwa. Papa Grégoire, mzee wa Butembo asiyejua kutembea polepole, ndiye aliyekuwa mkubwa wa kazi. Charline Uwizeye, mzaliwa wa Rutshuru, ndiye aliyeshika kompyuta.

Na Charline hakuwa mzembe. Hilo tuliweke mezani mapema, maana leo kila mwenye mdomo anamlaumu. Kila faili iliyopakuliwa, kabla hajaifungua, yeye huitazama saini. Programu ya kweli huja na saini ya kidijitali ya aliyeitengeneza. Unabonyeza mahali pake, dirisha linakuonyesha jina la mwenyewe, na linakuambia kama tangu atie saini hiyo kuna mkono mwingine ulioigusa faili. Isiyo na saini ni sawa na mtu anayegonga mlango gizani, ukimuuliza nani, anajibu tu "ni mimi". Unamfungulia kwa hasara yako.

Lakini programu hii ilifika kwenye flashi ya Lucie, mfanyakazi wa ofisi ya jirani, mtu wa kuombana naye chumvi. Intaneti ya mji wetu unaijua, faili kubwa unaianza asubuhi inakukatikia jioni. Kwa hiyo mmoja akipakua, wote wamepakua, na flashi inatoka mkono huu inaingia mkono ule. Charline alipoichomeka, dirisha likajitokeza kwa Kifaransa: Éditeur inconnu. Aliyeitengeneza hajulikani. Je, unairuhusu iingie?

Mkono wake ukasimama. "Ngoja niangalie saini kwanza," alisema. "Ao niipakue upya kwa mwenyewe mwenye aliitengeneza."

"Mwenyewe nani?" Papa Grégoire alikuwa mlangoni, funguo za gari mkononi. "Si ni ya Lucie? Banatungoja Mugunga, mama. Lucie tunamujua."

Hapo ndipo penyewe. Sisi watu wa Goma, vita na volkano vimetufundisha kumpokea mtu kwa yule aliyemleta. Usiku wa kukimbia, mgeni akija na shangazi yako humuulizi kitambulisho, unasogea umpe nafasi kwenye mkeka. Desturi hiyo imetuokoa wengi, mimi siitukani. Charline akawaza: kweli, Lucie tunamjua. Akabonyeza "ndiyo". Chini yake palikuwa na kisanduku kidogo kinachosema usiniulize tena, huyu mwamini siku zote, na kwa kuwa jenereta ilikuwa imeanza kukohoa, akakitia alama nacho.

Alijaribu kwanza kwa sauti ya mwanawe, aliyokuwa nayo kwenye simu: Neza, jina lake kamili Umugwaneza, wa mwaka wa kwanza shuleni, akisoma shairi la darasani huku mtaa mzima unapiga makelele nyuma yake. Mtaa ukafutika. Charline akafurahi hata akamtumia programu ile Micheline, rafiki yake wa masomo na mama wa ubatizo wa Neza, aliyekuwa akiongoza kwaya huko Butembo na kulalamika siku zote kwamba rekodi zake zina mwangwi. "Weka hii," alimwandikia. "Nimeijaribu mwenyewe." Mtandao wa Butembo ulikuwa umelala siku hizo, ujumbe ukabaki na alama moja, naye akausahau. Kisha ndipo akamsafisha bibi Nyirarukundo.

Jioni alimwekea Neza ajisikilize. Mtoto alikuwa amekaa kwenye godoro lake sakafuni, anavuta soksi. Akasikiliza mpaka mwisho, akakunja uso.

"Mama, huyu haiko mimi."

"Ni wewe, mama. Hausikie sauti yako?"

"Mimi nikisoma ninachoka. Huyu hachoke. Hapumue."

Charline akacheka, akairudisha mwanzo. Halafu akaacha kucheka. Kati ya mstari na mstari, pale ambapo mtoto humeza hewa kwa pupa kabla ya kuendelea, hapakuwa na kitu. Maneno yalifuatana moja nyuma ya lingine, mazuri, yamenyooka, na mwenye kuyasema hakuvuta pumzi hata mara moja. Akajiambia programu imeidhania pumzi kuwa kelele. Ndivyo mashine zilivyo. Akamfunika mtoto, akazima simu.

Wiki ile Neza akaanza kuchoka. Alikuwa mtoto wa kuruka juu ya mawe ya mtaa wao wa Mabanga tangu anaamka, sasa akawa anarudi shuleni, anajilaza mchana kweupe na viatu miguuni. Charline alimwinamia amvue viatu, akashtuka kwa kitu ambacho hakukijua mara moja. Ilimchukua muda kuelewa kwamba ni ukimya. Kifua cha mtoto kilipanda na kushuka, lakini pumzi haikuwa na sauti, hata ukiweka sikio kwenye pua. Alimpeleka kwa daktari siku hiyo hiyo. Daktari akamsikiliza mgongoni, akamsikiliza kifuani, akakigonga chombo chake kwa kidole kuona kama kimeharibika.

"Mapafu ni safi," akasema mwishowe, na hakuonekana kufurahi. "Ni safi sana, mama. Sisikie kitu."

Siku ya pili Papa Grégoire aliingia ofisini akitembea polepole, na hilo peke yake lilitosha kumtisha mtu. Alikuwa ametoka Mugunga.

"Nyirarukundo amekufa," alisema. "Banamuzika leo."

"Alikuwa mugonjwa?"

"Hapana. Jirani yake ananiambia jambo sijue nikuambie namna gani." Akaufunga mlango nyuma yake, akashusha sauti. "Anasema bibi alikuwa anaongea vizuri. Alikuwa anamuita mutoto wake Niyibizi, muda murefu, bila kusimama, hata kumeza mate hapana. Jirani akamushika mukono, akaona ni baridi. Alikuwa anaongea na hapumue, mama Neza. Halafu akanyamaza."

Moyo wa Charline ulikuwa umeshaondoka, umeshafika Mabanga, umeshasimama kando ya godoro. Akatia kompyuta kwenye begi bila hata kuizima, akashika pikipiki.

Alimkuta Neza amelala, jirani amekaa naye. Jirani alipoondoka umeme ukakatika, kama kawaida ya saa za jioni, na chumba kikawa cha kijivu. Charline akawasha mshumaa, akausimamisha sakafuni karibu na kichwa cha mtoto ili amwone usoni. Mshumaa ukazimika. Akauwasha tena, akauangalia: mkononi uliwaka vizuri, ulipokaribia sakafu moto ukawa mdogo, ukawa bluu, ukafa. Na pale chini akasikia harufu kali ya kuchoma pua, ile inayokupanda ukifungua chupa ya soda.

Kila mtoto wa Goma anaijua ishara hiyo. Ni mazuku, hewa mbaya inayotoka ardhini, inayokaa mabondeni na kumlaza mbuzi na mchungaji wake. Lakini mazuku ni ya mashimo, ya Lac Vert na Mugunga na kando ya ziwa. Nyumba yake ilikuwa juu ya mgongo wa mawe ambapo upepo hupita pande zote, na tangu azaliwe hakuwahi kusikia mazuku imepanda ngazi kumfuata mtu. Akamnyakua mtoto, akamlaza juu ya meza, akafungua madirisha yote, kisha akasimama gizani kumsikiliza.

Na akasikia pumzi. Ilikuwa ya Neza, angeijua hata katika umati, yenye mluzi mdogo puani kwa ajili ya mafua yasiyoisha, ikiingia, ikitoka, ikiingia, na Charline akasema asante Yesu, akaweka mkono kwenye kifua cha mwanawe ili aifuate kwa kiganja, na kifua hakikuwa kinakwenda na pumzi ile. Kilikuwa kinapanda kidogo kidogo, kwa shida, kwa wakati wake chenyewe, huku pumzi aliyokuwa akiisikia ikiendelea kwa raha nyuma yake, chini kidogo, upande wa kiti, na alipogeuka akaelewa, na asingependa kuelewa, kwamba ilikuwa inatoka ndani ya begi.

Alilifungua. Sijui mimi ningelifungua, lakini yeye alikuwa mama. Akainua kifuniko cha kompyuta na pumzi ikakatika, kama mtoto anayejificha akisikia hatua. Programu ilikuwa wazi. Akaitafuta faili yenyewe, akafanya kile alichopaswa kukifanya siku ile ya jenereta: akatafuta saini.

Safari hii ilikuwepo. Jina la mtia saini: Nyirarukundo. Chini yake kompyuta imeandika bila wasiwasi: saini hii ni halali, faili haijaguswa na mtu. Bibi wa watu, ambaye maisha yake yote alikuwa akitia dole gumba kwa wino, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kushika kalamu. Charline akafunga dirisha, akalifungua tena akiomba macho yake yamemdanganya. Lilikuwa limebadilika. Jina la mtia saini: Umugwaneza. Na chini yake: saini hii haijakamilika bado.

Alijaribu kuifuta programu, ikakataa. Aliizima kompyuta, ikawaka peke yake. Akampigia Lucie simu, na alipozungumza alinong'ona, bila kujua anamficha nani.

"Lucie, ile programu. Uliitosha wapi? Nani alikupatia?"

"Ni Prodige alinipatia," Lucie akasema. "Yule wa video za ndoa. Unamujua. Kuna nini?"

"Na yeye aliitosha wapi?"

Lucie akamuuliza Prodige, akarudi kwenye simu na sauti nyingine. Prodige aliikuta katika kompyuta aliyoinunua kwa ndugu za mtu mmoja wa Lac Vert. Mtu huyo walimkuta amekufa kando yake, mlango umefungwa kwa ndani, watu wakasema mazuku.

"Na ule mutu wa Lac Vert, nani alimupatia?"

"Sijue, dada. Hakuna mwenye aliuliza." Kisha Lucie akashusha sauti zaidi. "Kule kuna mama moja, Nabintu, wa maombi. Prodige anasema ni yeye waliita kwa ile nyumba. Muende kwake."

Usiku ule Charline hakulala. Alimshika Neza kifuani akiwa amesimama dirishani, na kila mtoto alipokawia kuvuta hewa, yeye naye alizuia yake. Kulipoanza kupambazuka Papa Grégoire akaja na gari, na jirani akabaki na mtoto juu ya meza, ameapa hatamshusha.

Mama Nabintu alikuwa mwanamke wa makamo kutoka upande wa Bukavu, mkubwa wa kikundi cha maombi na mwenye mdomo usiokuwa na ufunguo. Nyumba yake ilikuwa juu ya barabara ya Sake. Walibisha hodi, na badala ya karibu wakasikia swali.

"Nani?"

"Ni sisi, mama," akasema Papa Grégoire.

"Sisi nani?"

"Tumetumwa na Lucie, ule mwenye…"

"Sikuuliza nani amebatuma. Nauliza ni nani ananigongea."

"Ni Charline Uwizeye," Charline akajibu. "Binti wa Munyaneza, wa Rutshuru. Nakaa Mabanga. Mutoto wangu anakufa."

Mlango ukafunguka. Mama Nabintu akawasikiliza akiwa amesimama, anafunga kitambaa kichwani, na walipomaliza alikuwa ameshachukua rozari yake na sandali.

"Mazuku ni hewa," aliwaambia ndani ya gari. "Haina kosa na mutu, haijue jina lako. Lakini kuna kintu kinatembea ndani yake. Hakina miguu. Kinabebwa. Kwa ule mutu wa Lac Vert nilifika amekwisha kufa, nikaombea nyumba, sikujua kiko ndani ya mashini." Alimgeukia Charline. "Ni nani alikiambia ndiyo?"

Charline alimtazama Papa Grégoire, na Papa Grégoire akaangalia barabara. "Ni mimi," akasema. "Mukono ni wangu."

"Basi ni wewe utakiuliza. Mimi nitaomba, lakini mimi sikukikaribisha, hakitanijibu. Kitakupa majina ya watu unaopenda. Usikubali jina la aliyekileta. Uulize lake. Unasikia? Hata kikulilie."

Walimkuta Neza midomo imegeuka rangi ya majivu. Jirani alikuwa anampepea kwa sahani, analia bila sauti. Mama Nabintu hakupoteza muda. Kompyuta wakaiweka kwenye kiti mbele ya meza, waya imechomolewa, na spika ya ofisi, iliyokuwa ndani ya gari la Papa Grégoire, kando yake. Yeye akapiga magoti kwenye kona akaanza rozari kwa sauti ya chini, na Papa Grégoire, mzee mzima, akapiga magoti nyuma yake kama mtoto wa komunyo.

Charline akasimama mbele ya kiti. Alijisikia mjinga kwa nusu dakika. Kisha harufu ya soda ikapanda kutoka sakafuni, ikamfika magotini, akaacha kujisikia mjinga.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Ni mimi, dada," ikasema spika, kwa sauti ya Lucie, safi, tamu, haina pumzi. "Unanijua."

"Huyo ni aliyekuleta. Wewe ni nani?"

"Ni Prodige, wa video. Si tunajuana?"

"Huyo naye alikubeba. Nakuuliza wewe."

"Mwanangu," akasema bibi Nyirarukundo, na kwenye kona Papa Grégoire aliguna kama mtu aliyepigwa. "Niko muzima. Niko Mugunga. Nakungojea, nakungojea, nakungojea."

"Bibi huyo ulimla. Jina lako."

Hewa mbaya ilikuwa imefika kiunoni, aliihisi inavyouma pua kila alipoinamisha kichwa. Nje jua lilikuwa limeshawaka, watu wanapita na madumu ya maji, wanacheka, na ndani ya chumba kile mishumaa aliyoiwasha Mama Nabintu ilikuwa inazimika kuanzia ule wa chini. Kisha spika ikapumua. Mluzi mdogo puani. Mafua yasiyoisha.

"Mama," ikasema. "Mama, ni mimi. Fungua. Niko humu ndani, mama, kuna giza, siwezi kupumua, kwa nini unanisemesha vibaya, ni mimi Neza wako, sema ndiyo tu, mama, sema ndiyo nitoke."

Juu ya meza, nyuma yake, mtoto mwenyewe hakuwa na sauti yoyote. Na hapo, ndugu yangu, ndipo Charline alipojua uzito wa swali, kwa sababu kila kilichomfanya awe mama kilikuwa kinamvuta kuelekea kwenye kiti kile, mikono ilikuwa imeshanyooka, mdomo ulikuwa umeshafunguka na ndiyo imeshafika kwenye ulimi, ile ile ndiyo aliyoitoa bure siku ya kwanza kwa haraka ya mtu mwingine, na kama angeitoa tena hakuna ambaye angemlaumu, hata mimi nisingethubutu, lakini alikumbuka Neza akivuta soksi kwenye godoro na kusema huyu haiko mimi, na akaamini neno la mwanawe kuliko sauti ya mwanawe, akaurudisha mkono wake kwa nguvu kana kwamba anaung'oa kwenye tope.

"Hauko Neza," akasema, na sauti yake mwenyewe ilipasuka. "Neza anachoka. Ni nani alikutengeneza? Sema jina lako, hapa, mbele yangu."

Spika iliposema tena haikuwa na sauti ya mtu yeyote, si ya mwanamume wala ya mwanamke.

"Sina," ikasema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Asiye na jina halali kwangu. Nimeondoa ndiyo yangu. Toka."

Akainama ndani ya hewa ile ya kuua, pumzi ameibana, akatafuta kile kisanduku kidogo alichokitia alama, akaifuta alama. Akaona faili inajifuta yenyewe, mstari kwa mstari.

"Haya," ikasema spika, bila hasira. "Nitaenda kwa wanaokujua."

Lakini hilo Charline hakulisikiliza vizuri, kwa maana wakati ule ule zilitoka. Pumzi zote zilizofutwa zilitoka pamoja, za watu aliowasafisha na za watu asiowajua, zikipuliza mapazia, zikizima mishumaa iliyobaki, na moja ndogo yenye mluzi ikapita shavuni mwake ikaenda moja kwa moja mezani. Neza akakohoa. Akakohoa tena, vibaya, kwa kelele, makamasi na machozi, akalia kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia, na haijawahi kutoka duniani sauti chafu iliyo nzuri kuliko ile.

Pumzi moja ilibaki. Ilikuwa nzito, ya mtu mzee, ikazunguka chumba ikigusa kuta, inamtafuta mwenyewe. Papa Grégoire aliijua. Alisimama, akafungua mlango, akavua kofia. "Mama, ulishazikwa jana," akaiambia taratibu. "Utusamehe. Ni mimi niliharakisha." Ikatoka, ikaelekea upande wa Mugunga.

Flashi za ofisi waliziponda kwa jiwe la volkano mpaka zikawa unga. Lucie akaponda yake, Prodige akachoma kompyuta nzima uani, na mama yake akamtukana kwa hasara hiyo. Neza alipata nguvu, akarudi kuruka juu ya mawe, na kila alipopumua kwa kelele akiwa amelala, Charline alikaa kando akasikiliza kama watu wengine wanavyosikiliza muziki. Ofisini aliweka sheria: haifunguliwi faili mpaka saini ionekane na jina lijulikane, hata iwe imeletwa na askofu. Papa Grégoire hakubisha. Programu nyingine waliipakua kwa mwenyewe, ikachukua siku nzima, na saini yake ikawa ya kampuni yenye jina na anwani. Ilipunguza mvua tu. Haikuigusa pumzi ya mtu.

Jumapili moja baada ya misa, Charline alikuwa uani anamsuka Neza, mtoto anatafuna muhogo kwa fujo zake zote. Simu ikalia. Mtandao wa Butembo ulikuwa umeamka. Ujumbe wa sauti, kutoka kwa Micheline.

Mkono wake ukasimama kwenye nywele za mtoto. Ndipo alipokumbuka.

"Dada, aksanti sana kwa ile programu," Micheline alisema, sauti imekaribia, imenyooka, tamu. "Ilifika wiki yenye imepita mashini ilinisumbua ikisema haijue mwenye aliitengeneza nikaiambia ndiyo kwa sababu ni wewe ulinitumia na wewe nakujua hauwezi kunitumia kintu kibaya nimesafisha kwaya yote sopranos na altos na wazee wa nyuma hata watoto wa komunyo usikilize namna wanaimba utashangaa."

Kisha kwaya ikaanza. Charline aliujua wimbo ule, ni mrefu, una mahali ambapo kila mwimbaji aliyezaliwa na mwanamke lazima asimame ajaze kifua. Walipita hapo bila kusimama. Neza aliacha kutafuna.

"Mama," akasema polepole, "na hawa?"

Charline alikuwa ameshapiga simu ya Micheline kwa simu ya jirani, inaita, haijibiwi, inaita, na katika mkono ule mwingine wimbo ulikuwa unaendelea, ubeti baada ya ubeti, mzuri, safi, na yeye ameuegemeza sikioni, anangoja mtu mmoja, hata mmoja tu wa nyuma, avute pumzi.